Akiba ya Mshono

Daftari langu la kaunta linanuka mafuta ya cherehani.
Ndani mna kila kiuno kilichopita hapa Mwanga,
kibaraza cha tatu ukishuka kuelekea stesheni.
Waganga wana mizani. Mimi nina futi,
imechakaa mpaka namba saba haisomeki,
ila kiuno cha inchi saba sijakutana nacho bado.

Ntibagwe, karani wa reli. Ukurasa wa kumi na mbili.
Suti ya harusi, kahawia, kiuno thelathini na moja.
"Niachie nafasi, fundi," alisema,
"Zabibu anajua kukaanga."
Nikaacha. Fundi mzuri huacha akiba ya mshono,
inchi mbili zimekunjwa ndani, hazionekani,
kitambaa kinachongoja mtu awe mtu.

Maana siku zile kunenepa ndiko kuwa mtu.
Kukonda kulikuwa hukumu:
walihesabu mifupa ya shingo yako
wakanong'ona jina la ugonjwa kabla hujapita kona.
Basi kitambi kilikuwa cheti.
Kikitangulia mlangoni, benchi zima linasogea.
"Umependeza, Ntibagwe! Kigoma imekukubali!"
Thelathini na tano. Nikafumua.
Thelathini na nane. Nikafumua.
Arobaini na moja, akiba ikaisha.
Nikatia kiraka cha pembetatu nyuma, chini ya koti,
mahali tunapopaona Mungu na mimi.

Mawese sina ugomvi nayo. Chupa ina kifuniko;
ni mkono uliosahau kazi ya kifuniko.
Wala migebuka haina kosa.
Labda soda ya saa nne, na ile ya saa kumi,
na kiti cha ofisini kilichomkalisha miaka kumi na tisa
akigonga mihuri kwenye safari za wengine.

Nesi mmoja wa Maweni alinieleza, nikimpima gauni,
na mimi nina pini mdomoni siwezi kubisha:
"Mafuta hayana tabia moja.
Ya makalioni ni mpangaji mtulivu, analipa, analala.
Ya tumboni, yaliyojificha nyuma ya nyama,
hayo ni mpangaji wa fujo.
Usiku kucha anagonga mlango wa ini,
anaziba mifereji ya moyo,
na mwenye nyumba hasikii kitu."
Nikacheka, pini moja ikaanguka.

Mwaka ule ziwa lilipopanda
likaingia vibanda vya Kibirizi bila hodi,
suruali za Ntibagwe zikaanza kurudi.
Punguza, fundi. Punguza tena.
Nikafurahi, mjinga mimi, nikamwambia amerudi ujana.
Thelathini na sita. Thelathini na tatu.
Alikuwa anakunywa maji jagi zima amesimama,
anasema ni joto,
na kidonda cha kiatu kidoleni hakitaki kufunga.

Mwezi wa tisa akaja Zabibu peke yake
na suruali ya kahawia mkononi.
Kiuno hakukitaja.
"Wa kulia, fundi," alisema. "Chini ya goti. Upindie."

Nimekata vitambaa miaka thelathini na minne.
Mkasi haujawahi kuwa mzito vile.
Nilishona upindo mara mbili, usije ukafumuka,
nikamkabidhi na kipande kilichobaki.
Alikikunja kama leso, akakitia kifuani.

Nilipofunga duka nikajizungushia futi mwenyewe.
Nikavuta tumbo ndani.
Kumbe hata fundi huidanganya futi yake.
Nikaliachia.
Arobaini na nusu.
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: Gwimo.
Miaka yote hiyo jina langu halikuwemo.

Siku hizi natoka Mlole kwa miguu.
Wanaonikuta njiani wananipa pole,
wanadhani pikipiki imekufa.
Mke wangu amenuna kuhusu kijiko cha mafuta,
amekificha, anapima kwa jicho,
na jicho lake, namshukuru, limekuwa bahili.

Leo asubuhi: thelathini na tisa na robo tatu.
Robo nayo nimeiandika.